Damu imesema una hepataitisi B, sasa ini lenyewe likoje?

Swali: Dada, niko Shela hapa Lamu, nilijitolea damu nikaambiwa nna hepataitisi B. Siumwi, macho meupe kabisa. Ini limeshaharibika?

Jibu: Pole sana kakangu. Macho meupe hayakupi jibu, ini halilalamiki mapema, mtu aweza kupakua boriti jahazini miaka na miaka huku linaliwa ndani kwa ndani. Na anayeliharibu zaidi si kirusi cha hepataitisi B chenyewe, ni kinga ya mwili inayozivamia seli zenye kirusi, seli zikifa kila siku mwili unaziba mapengo kwa makovu.

Swali: Makovu yanaonekana vipi?

Jibu: Ini la mbuzi pale buchani unalijua, laini, linateleza, linang'aa. Ini lililofika sirosisi, yaani limejaa makovu, ni gumu lina vinundu vinundu, damu inapita kwa shida, ndio unaona tumbo linajaa maji, na mishipa ya damu kwenye umio, njia ya chakula toka kooni, ikivimba ikapasuka mtu anatapika damu. Kwenye darubini makovu hupangwa F0 (hakuna kovu) hadi F4, F4 ndio sirosisi. Tena hepataitisi B sugu, yaani iliyokaa mwilini muda mrefu, ina alama yake, baadhi ya seli huwa na ukungu kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga ufukweni.

Swali: Kwa hiyo ntachomwa sindano ya ini?

Jibu: Wengi hawafiki huko. Kipimo cha HBsAg, yaani protini ya kirusi kwenye damu, kinarudiwa, ikipita miezi 6 na bado protini hiyo ipo ndio tunaita sugu. Halafu wingi wa virusi, ultrasaundi, na ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ila ALT ikiwa sawa mara moja usijipe moyo ukapotea, inapanda na kushuka, rudi tu. Fibroscan inapima ugumu wa ini kwa mtetemo ubavuni, haiumi, na isipopatikana karibu daktari hukadiria makovu kwa hesabu ya AST, kimeng'enya kingine kama ALT, na chembe sahani zinazogandisha damu. Biopsi, yaani kutoa kinyama kidogo cha ini kwa sindano baada ya ganzi, ni pale majibu yanapogongana.

Swali: Mke wangu ana mimba, nikae mbali nao?

Jibu: La hasha! Mke apimwe wiki hii hii, akiwa hana achanjwe, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa maana wachanga wakiambukizwa karibu 90 kati ya 100 hubaki nayo. Sinia moja kuleni pamoja kama kawaida, wembe na mswaki ndio kila mtu na wake.