Mchochota wa jicho bila mdudu: protini za mshtuko wa joto zina mkono gani?

Nimeambiwa nina mchochota ndani ya jicho, lakini vipimo havikuona mdudu. Inawezekanaje?

Inawezekana, tena hutokea mara nyingi. Uvea ni tabaka la kati la jicho lenye mishipa mingi ya damu, na mchochota wake huitwa uveitisi. Kwanza lazima yatafutwe maambukizi kama kifua kikuu, kaswende, toksoplazma (kimelea) na malengelenge (virusi vya herpes). Yasipopatikana, mara nyingi anayeshambulia ni kinga ya mwili yenyewe. Daktari akimulika jicho kwa mwale mwembamba wa taa ya hadubini huona seli nyeupe zikielea kwenye maji ya jicho, kama vumbi kwenye mwanga unaopenya ufa wa dirisha. Hao ni askari wako mwenyewe.

Protini za mshtuko wa joto ni kitu gani?

Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alitazama kromosomu za tezi za mate za inzi wa matunda zilizopata joto kupita kiasi maabarani, akaona baadhi ya sehemu zimetuna ghafla. Baadaye ikafahamika kuwa seli hizo zilikuwa zinatengeneza protini za kujihami. Jina la joto likabaki (kwa Kiingereza heat shock proteins, kifupi HSP), ingawa seli huzitoa pia ikikosa oksijeni au ikijeruhiwa. Kazi yake ni kuzikunja protini nyingine zikae katika umbo linalofaa, na kazi hiyo haina mbadala. Kwa hiyo bakteria anazo, nawe unazo, na zimebadilika kidogo mno tangu enzi na enzi. Chukua HSP60, mojawapo ya protini hizo: ya binadamu na ile ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu zinalingana karibu nusu ya amino asidi, yaani matofali yanayojenga protini.

Kufanana huko kunalidhuruje jicho?

Kinga humtambua bakteria kwa vipande vya protini zake, na HSP ni miongoni mwa vile inavyovikamata upesi. Kipande cha mgeni kikishabihiana na chako, seli T, yaani seli nyeupe ya kinga iliyofunzwa kumwinda mgeni, huweza kumgeukia mwenye nyumba. Na jicho likiwa katika dhiki, seli zake huzidisha HSP, yaani shabaha inaongezeka palepale.

Mfano uliochunguzwa sana ni ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937: vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, vidonda vya sehemu za siri, na uveitisi. Kinywani huishi bakteria aitwaye Streptococcus sanguinis. Watafiti wamekuta seli T za wagonjwa hawa zikiitikia vipande vya HSP vya bakteria na vya binadamu vinavyofanana navyo. Si sababu pekee. Urithi nao umo, hasa jini ya kinga iitwayo HLA-B51, ingawa wengi walio nayo hawaugui kamwe.

Basi nimeze antibiotiki?

Kama si maambukizi, hazitakuponya. Huyo bakteria huenda ni mkazi wa kawaida wa kinywa. Kilichobaki ni somo ambalo kinga imeshalikariri. Tiba ni kuituliza: matone ya steroidi (dawa za kutuliza mchochota), pamoja na matone ya kutanua mboni ili airisi, ile duara yenye rangi ya jicho, isigandane na lenzi. Mchochota ukiwa mkali, hutumika dawa za kushusha kinga au adalimumabu, dawa ya sindano inayozuia kemikali ya mchochota. Nakusihi usijinunulie matone ya steroidi. Huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kumbe ni malengelenge, konea, kioo cha mbele cha jicho, inaweza kuharibika vibaya.

HSP zenyewe zinaweza kuwa dawa?

Limejaribiwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 8 wa Behçet walimeza kipande cha HSP60 kilichounganishwa na sehemu isiyodhuru ya sumu ya kipindupindu, ili kinga ikizoee. Watano waliacha dawa za kushusha kinga bila uveitisi kurudi. Idadi ni ndogo na hapakuwa na kundi la kulinganishia, lakini wazo hilo linanipa moyo.

Niende lini kwa daktari wa macho?

Jicho likiwa jekundu na lenye maumivu, mwanga ukiuma, ukiona ukungu au madoa yanayoelea: siku hiyohiyo.