Toa 23 kwenye 60: uchaguzi wa Mei 1960 hapa Katanga

Wanafunzi wanaokuja kwenye chumba chetu cha nyaraka hapa Lubumbashi huuliza: uchaguzi wa 1960, jimboni Katanga, kusini mwa Kongo, alishinda nani? Tunawapa kalamu na karatasi wapige hesabu wenyewe.

Baraza la jimbo lilikuwa na viti 60. Chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata 25. Muungano wa vyama ulioitwa Cartel, ambao nguzo yake ilikuwa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, ulipata 23. Vingine vilikwenda kwa vyama vidogo na wagombea binafsi. Hakuna aliyefika hata nusu. Sasa Sheria ya Msingi, yaani katiba ya muda ya Kongo, iliyotungwa Ubelgiji na kutiwa sahihi tarehe 19 Mei, ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo kikaoni ndipo wakuu wa jimbo wachaguliwe. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Toa 23 kwenye 60, unabaki na 37. Wanapungua watatu tu! Watu wa Cartel waliijua hesabu hiyo, wakasusa, kikao kikakwama.

Mimi naona kanuni ile ilikuwa na maana yake: iliwalazimisha wakubwa kuzungumza na wadogo. Lakini tarehe 15 Juni, wiki mbili kabla ya uhuru wa Kongo, bunge la Ubelgiji likaibadilisha. Ni kama refa kusogeza goli mpira ukiwa uwanjani. Tshombe akachaguliwa rais wa jimbo bila Cartel, na tarehe 11 Julai akatangaza Katanga imejitenga na Kongo.

Uhasama wenyewe ulikuwa na mizizi ya nyuma. Desemba 1957, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, Waafrika walipiga kura ya komini, yaani vitongoji vya mji vyenye utawala wake, kwa mara ya kwanza. Wakuu wanne wa komini za Waafrika waliopatikana, watatu asili yao Kasai, mmoja Kivu, majimbo mengine ya Kongo. Migodi na reli vilikuwa vimeleta watu kutoka kila upande, na kura ikafuata mahali watu walipo. Waliojiita wenyeji waliona wameporwa nyumba yao. Mwaka uliofuata Conakat ikazaliwa.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami kila nikilifikia linaniuma. Mwaka 1960 walipiga kura wanaume tu, kuanzia miaka 21. Mama aliyelima, aliyeuza sokoni, aliyelea watoto wa mfanyakazi wa mgodi, hakuwa na karatasi ya kutia kwenye sanduku. Haki hiyo ilimfikia mwaka 1967.

Kijana wa miaka 21 wa wakati ule sasa amepita 85. Kama yuko nyumbani kwenu, kaa naye, muulize alipanga foleni wapi na alionyeshwa nini kabla ya kupewa karatasi. Na akifungua sanduku la zamani likatoka kadi ya chama au tangazo la mgombea, msilitupe hata kama limeliwa na mchwa. Tuleteeni tulipige picha, nanyi mtarudi nalo nyumbani.