Je, balozi mbabe anaweza kuinyoosha taasisi ya kimataifa?

Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ukikaribia, mazungumzo ya Arusha hurudi palepale: michango haijalipwa, maamuzi hayatekelezwi, na dawa yake ni kupeleka mbabe anayetanguliza nchi yake na asiyeona haya kuwasema wenzake. Wanaofuatilia siasa za nje humtolea mfano John Bolton, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa mwaka 2005 na 2006. Hasira iliyo nyuma ya wazo hilo naielewa, tena ninayo. Ila rekodi inasema vingine.

Dhana: Kinachokosekana ni ukali tu.

Bolton hakupungukiwa ukali. Mwaka 1994 alisema kwamba jengo la Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, New York, lenye ghorofa 38, likipoteza ghorofa 10 hakuna kitakachoharibika. Seneti iliposhindwa kumpitisha, Rais George W. Bush alimteua Agosti 2005 Seneti ikiwa mapumzikoni. Wiki chache kabla ya mkutano wa kilele wa Umoja huo wa Septemba, Bolton akamwaga mezani mamia ya marekebisho kwenye rasimu ya tamko la mkutano, iliyokuwa imejadiliwa kwa miezi.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuandika tamko la pamoja anajua kinachofuata. Mmoja akifungua ibara iliyokwishakubaliwa, kila mwenye dukuduku naye anafungua yake. Tamko lilipotoka, sehemu nzima ya upunguzaji silaha na kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia haikuwemo, na Katibu Mkuu Kofi Annan akasema ni fedheha.

Machi 2006 ikaja kura ya kuunda Baraza la Haki za Binadamu. Marekani ilitaka wajumbe wachaguliwe kwa theluthi mbili ya kura, ili serikali zinazotesa watu wake zisipenye kirahisi. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na mimi ningeiunga mkono. Lakini nchi 170 zilipitisha azimio bila sharti hilo, na waliopinga pamoja na Marekani walikuwa watatu: Israel, Visiwa vya Marshall na Palau. Hoja nzuri ikakosa watu wa kuibeba.

Dhana: Basi mzalendo mwenye maneno makali hafai kabisa.

Hapa ndipo wanaompinga Bolton nao wanakosea, na ndilo jambo ninalotamani lijulikane zaidi. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 3379 lililoutaja Uzayuni, yaani vuguvugu la Wayahudi la kuwa na taifa lao, kuwa aina ya ubaguzi wa rangi. Balozi wa Marekani wakati huo, Daniel Patrick Moynihan, alisimama akalilaani kwa maneno mazito. Azimio likabaki miaka 16.

Desemba 1991 lilifutwa kwa kura 111 dhidi ya 25, na mmoja wa walioongoza kazi hiyo upande wa Marekani alikuwa Bolton, akiwa ofisa wa wizara ya mambo ya nje aliyesimamia mashirika ya kimataifa. Iwe unaliafiki azimio hilo au la, angalia namna kazi ilivyofanyika. Andiko lilikuwa sentensi moja tu, kwa hiyo hapakuwa na ibara za kufunguana. Balozi za Marekani ziliomba kura moja moja katika miji mikuu, kambi ya Kisovieti ilikuwa inasambaratika, na serikali nzima ilikuwa nyuma yake. Tabia yake ilikuwa ileile ya 2005. Tofauti ni kwamba kura zilihesabiwa kabla ya kuingia ukumbini.

Dhana: Zuia fedha, watanyooka wenyewe.

Wakati mwingine fedha husaidia, na ushahidi uko hapahapa Arusha. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliweka sharti la kuzuia sehemu ya michango hadi Umoja wa Mataifa uwe na mkaguzi huru wa ndani, na ofisi hiyo ikaundwa mwaka huohuo. Februari 1997 wakaguzi wake walitoa ripoti juu ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha. Walikuta hesabu, manunuzi, ajira na ulinzi, vyote haviendi sawasawa. Msajili na naibu mwendesha mashtaka wakaondoka. Mahakama hiyo ilipofungwa mwisho wa 2015 ilikuwa imewatia hatiani watu 61. Shinikizo la Washington lilizaa ofisi, lakini kasoro zilionekana kwa sababu watu waliketi na mafaili, wakapekua vocha na mikataba.

Linganisha na Desemba 2005, nchi tajiri zilipobana matumizi ya Umoja wa Mataifa yasizidi dola milioni 950 hadi mageuzi yaonekane. Nchi zinazoendelea ziliona zinaburuzwa, zikapiga kura kukwamisha mapendekezo ya Annan ya usimamizi. Juni 2006 kikomo kikaondolewa.

Dhana: Kinyume chake, mpatanishi mzuri ni mpole.

Mandela aliwakaripia wanasiasa wa Burundi waziwazi, hapahapa Arusha, mwaka 2000. Lakini Nyerere alikuwa ameshawaweka mezani tangu 1998, na Mandela hakuwa akitafuta chochote kwa ajili ya Afrika Kusini. Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini Agosti 28.

Dhana: Jumuiya yetu haina meno, hivyo inahitaji mtu wa kung'ata.

Meno yapo kwenye mkataba uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, na hapo mbabe anaweza kuzuia lolote, ila hawezi kupitisha kitu peke yake. Ibara ya 148 inaweka hali moja ya kipekee: nchi inayojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa, msimamo wake hauhesabiwi. Kwa sasa wanachama ni nane. Anayetaka nchi sugu iguswe anahitaji kuafikiana na nchi nyingine sita, na kuzipata ni kazi ya kwenda Kampala, Kigali, Gitega, Mogadishu na kwingineko kabla kikao hakijafunguliwa.