Mamba wa Wami haogopi chumvi

Kila mashua ninayoishusha Wami, kabla hatujafika mlangoni mwa mto yupo mgeni atakayeanza kuvua viatu. "Hapa si tayari chumvi, kaka? Mamba hafiki." Nayasikia kwa wageni wa Dar, kwa wanafunzi wa ziara, hata kwa watu wazima waliozaliwa Bagamoyo. Nimechoka kuyasikia, maana maneno haya yanaweza kuua mtu.

Mamba anafika. Huyu wetu ni yule yule wa mto Nile. Makazi yake hasa ni maji baridi, lakini chumvi anaimudu, kwa sababu ulimini ana tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. (Na mnaosema mamba hana ulimi: anao, ila umeshikamana na sakafu ya kinywa, hautoki nje.) Hushuka mpaka mikokoni, hukaa kwenye vijito vinavyojaa na kupwa, na maji yakitoka hujilaza topeni, rangi moja na tope lenyewe. Namwonyesha mgeni kwa kidole, naye anauliza "Yuko wapi?" mpaka mnyama ajitikise.

Tena huo mpaka wa chumvi wanaoutegemea haupo. Masika mto ukifurika, maji ya tope kutoka milima ya Ukaguru na Nguru huisukuma bahari, na rangi yake unaiona mbali na ufuko. Kiangazi mto ukipungua, bamvua, yaani bahari ikijaa sana, hupandisha chumvi juu mtoni. Na kwa kuwa maji chumvi ni mazito, hupita chini huku maji baridi yakielea juu yake. Sasa aliyeingia kuoga atajuaje yuko upande upi?

Kina kifupi nacho si kinga. Maji ya magoti yanatosha kumficha mamba, na akitulia anaweza kukaa chini zaidi ya nusu saa bila kuvuta pumzi. Ushauri wangu haubadiliki: usichutame ukingoni, chota kwa ndoo yenye kamba ndefu ukiwa umesimama mbali, na usirudie pale pale saa ile ile kila siku. Mamba huzijua nyendo zako kabla wewe hujamwona.

"Kiboko hana neno, si anakula majani?" Anakula majani, ndiyo, na ni mkali vilevile. Usiku hupanda nchi kavu kula, alfajiri hurudi majini kwa njia yake. Ukimkinga njiani, atakupitia juu. Ukiona unyayo wa vidole vinne na nyasi zimekatwa chini kabisa, usipige hema hapo.

Tena msichanganye: Ruvu na Wami ni mito miwili tofauti. Ruvu unatoka Uluguru na kumwaga karibu na mji wa Bagamoyo. Wami unaingia baharini kaskazini zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ukipanda mashua ya Ruvu, Saadani hujafika.

Na mikoko si pori la mbu. Kamba hutaga baharini, lakini wachanga wao huingia humu mitoni, hukulia kati ya mizizi ya mikoko, kisha hurudi baharini wakishapata mwili. Ndio hao wavuvi wetu wanaowapata mbele ya Saadani na Bagamoyo.