Bastola vyuoni Texas: si kila mwanafunzi

Tangu Texas iruhusu bastola vyuoni, watu husimulia kwamba kila mwanafunzi wa huko anaingia darasani na silaha kiunoni. Sivyo.

Sheria hiyo, iliyosainiwa 2015, ilianza kutumika Agosti 1, 2016 kwa vyuo vikuu vya umma, na mwaka mmoja baadaye kwa vyuo vya miaka miwili. Inamhusu mwenye leseni tu, na ilipoanza, leseni ilitaka uwe na miaka 21, isipokuwa wanajeshi. Wengi wa mwaka wa kwanza waliachwa nje hapo hapo. Mwaka 2021 jimbo liliondoa sharti la leseni mitaani, lakini chuoni likabaki palepale.

Tena bastola lazima ifichwe. Ikiachwa ionekane makusudi, ni kosa. Pale Austin, Chuo Kikuu cha Texas kinataka iwe ndani ya ala inayofunika kifyatulio, na mwenyewe awe nayo mwilini au karibu kiasi cha kuifikia. Kuiacha kwenye begi ukaenda kununua kahawa hairuhusiwi. Vyuo binafsi vinaweza kukataa kabisa, na karibu vyote vimekataa.

Wapo pia wanaodhani serikali kuu ya Marekani imepiga marufuku bunduki vyuoni. Marufuku ya 1990 wanayoitaja inahusu shule za msingi na sekondari. Vyuo viliachiwa majimbo, ndiyo maana Utah iliruhusu mwaka 2004, miaka 12 kabla ya Texas, bila kelele nyingi kufika huku kwetu.