Je, wajua? Mguu ndio unauma, lakini shida iko kiunoni

Mwezi wa saba mwaka mmoja, kule Kibosho juu ya Moshi, shangazi yangu alianza kulalamikia maumivu yaliyoanzia kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita ubavuni mwa shavu la mguu na kuishia kwenye kidole gumba. Alisema ni kama amepigwa na umeme. Mwezi wa saba mlimani kuna baridi kali, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na jibu: baridi imeingia mfupani. Jirani mmoja alisema ni figo, mwingine akasema mafuta ya goti yamekwisha. Mimi nilimchua mguu kila jioni kwa wiki tatu, nikiamini kabisa kwamba panapouma ndipo palipoharibika.

Nilikosea. Mguu wa shangazi ulikuwa mzima. Goti lilikunjika vizuri, halikuvimba, na mfupa haukuwa na kasoro. Figo nazo zikiuma, maumivu yake hukaa ubavuni au hushukia kwenye kinena, hayafiki kidole gumba. Baridi inaweza kumfanya mtu akakamae na ahisi maumivu zaidi, lakini haichori mstari mmoja kutoka tako hadi unyayo, upande mmoja tu wa mwili. Mstari ule ndio ulikuwa jibu, nasi tulikuwa tunaupaka dawa ya kuchua.

Mstari huo ni njia ya neva ya sayatika, iliyo nene kuliko neva zote mwilini. Inaundwa na mizizi mitano inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, kisha inagawanyika matawi mawili karibu na goti. Mzizi mmoja ukibanwa pale kiunoni, maumivu yanayofuata njia hiyo nayo huitwa sayatika.

Basi kwa nini mzizi ubanwe kiunoni na maumivu yasikike kidoleni? Fikiria umesimama stendi ya Moshi. Inaingia daladala ya Marangu. Abiria wanateremka, nawe ukiulizwa wametoka wapi utasema Marangu, kwa sababu hicho ndicho kibao ulichokisoma. Lakini yupo aliyepandia Himo, na yupo aliyepandia Kiboroloni, karibu kabisa na mjini. Kibao hakisemi hayo. Ubongo nao husoma kibao. Kila uzi wa neva umeandikwa sehemu unayoihudumia, na ujumbe wa maumivu ukiingia kupitia uzi wa kidole gumba, ubongo huamini umetoka kidoleni hata kama "umepandia" kiunoni. Unaweza kulijaribu sasa hivi: jigonge kiwiko kwa ndani, pale penye kinundu. Kinachowaka ganzi ni kidole kidogo cha mkono, ambacho hakuna aliyekigusa.

Kinachobana mara nyingi ni diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, wenye nyuzi ngumu nje na uteute katikati. Nyuzi zikichanika, uteute hutokeza na kuugusa mzizi. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio waliolieleza jambo hili mwaka 1934 kwa namna iliyobadilisha tiba. Lakini kubanwa peke yake hakumalizi maelezo. Uteute wenyewe huuwasha mzizi na kuleta uvimbe, na mwili huweza kuula polepole hadi ukasinyaa. Vilevile, diski kutokeza kwenye picha si hukumu. Mwaka 1994 watafiti Marekani waliwapiga picha ya MRI watu 98 wasioumwa mgongo, na zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba.

Daktari aliyempima shangazi hakuanza na shavu la mguu. Alimlaza chali, akainua mguu ulionyooka, na maumivu yakashuka hadi chini ya goti. Akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akamuuliza kama kukohoa au kupiga chafya kunazidisha. Kulizidisha.

Tiba yake ilinishangaza, maana nilitarajia aambiwe alale. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1999 uliwalaza baadhi ya wagonjwa wa sayatika kwa wiki mbili na kuwaacha wengine waendelee na shughuli kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kwa hiyo tembea kidogo kidogo, badilisha mkao, na ahirisha mkungu wa ndizi kichwani. Dawa za maumivu kama ibuprofen husaidia baadhi ya watu, ingawa ushahidi wake kwa sayatika ni mwembamba, na mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au presha aulize kwanza. Anayekuja kukuvuta mgongo kwa nguvu mkatalie. Upasuaji hupunguza maumivu ya mguu haraka, lakini baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na waliosubiri huwa karibu sawa.

Kuna hali zisizosubiri hata usiku mmoja: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, choo kutokuzuilika, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hapo ni kukimbilia hospitali kubwa. Kwa mtu wa Moshi, KCMC. Unyayo unaoburuta nao uonwe upesi. Na maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao kwetu bado upo.

Wiki ya tisa shangazi alishuka mwenyewe hadi kwenye mfereji kuangalia zamu yake ya maji. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Ganzi ya kidole gumba ndiyo iliyochelewa. Ilimwacha karibu na Krismasi.