Je, wajua kwa nini mifumo ya kampuni moja haisomani?

Kampuni inaweza kutumia mabilioni kununua programu za hesabu, mishahara, stoo na mauzo, kila moja ikafanya kazi yake sawasawa, na bado karani akakesha akinakili namba kutoka skrini hii kwenda ile. Hapo ndipo tunaposema mifumo haisomani. Lawama huenda kwa mafundi, lakini mara nyingi kosa lilitendeka kabla hata fundi hajaitwa: hakuna aliyewaweka kitako wakuu wa idara wakaamua mifumo yote, ikishakamilika, itaendeshaje kampuni nzima. Uamuzi huo unaitwa dira ya usanifu.

Tuchukue mfano wa kampuni ya mkonge mkoani Tanga. Ina shamba na korona (kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge) huko Korogwe, stoo na ofisi ya mauzo Tanga mjini. Shambani wanaandika kilo za singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizokauka. Stoo wanahesabu marobota. Mauzo wanazungumza tani na madaraja ya ubora yaliyomo kwenye mkataba, na wahasibu wanajua ankara tu. Mkurugenzi akiuliza mzigo ulio tayari kusafirishwa ni kiasi gani, anapata majibu manne, na kila anayejibu yuko sahihi. Ukimnunulia kila mkuu wa idara programu mpya, majibu yatakuja haraka zaidi, lakini yatabaki manne.

Dira ingeanzia hapo. Robota liandikwe mara moja tu, pale linapofungwa, lipewe namba yake na daraja lake. Namba hiyohiyo ndiyo itumike stoo, kwenye mkataba, kwenye ankara, mpaka kwenye nyaraka za forodha. Daraja ni mali ya meneja wa kiwanda: mauzo wanalisoma, hawaligusi. Dira haitaji chapa ya kompyuta wala jina la muuzaji wa programu. Inataja ni taarifa ipi inazaliwa wapi, nani mwenye nayo, na nani anaruhusiwa kuisoma tu.

Wenyeji wa Tanga wanakumbuka meli kubwa zilivyokuwa zikitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, vyombo vidogo vya kuvushia mzigo, kisha ukapakuliwa tena gatini, hadi kina kilipoongezwa na meli zikaanza kufunga gatini zenyewe. Karani anayenakili namba ni tishari la namna hiyo: mzigo uleule unabebwa mara mbili, na kila ubebaji una hasara yake.

Kwa nini idara zisipatane zenyewe? Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na mawasiliano ya watu wake. Idara zisizozungumza zitazaa programu zisizozungumza. Mwaka 1987 John Zachman wa kampuni ya kompyuta ya IBM alichapisha mpango wa kupanga usanifu wa mifumo ya taasisi nzima, na mwaka 1995 ukatoka mwongozo wa usanifu huo uitwao TOGAF, ambao leo unaiweka dira mwanzoni kabisa mwa kazi, mara tu baada ya maandalizi. Gharama ya kuiruka hatua hiyo inajulikana. Mwaka 2005 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliutupa mfumo wake mpya wa majalada ya kesi baada ya kutumia takriban dola milioni 170, na wakaguzi walitaja kukosekana kwa usanifu wa taasisi nzima miongoni mwa sababu.

Hapa nyumbani tuna mfano mzuri zaidi, nao naupenda sana. Tangu 2017 malipo yanayokwenda serikalini yanapitia GePG, mfumo mmoja wa kielektroniki. Ukilipa bili ya maji, leseni au ada, unapewa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu. Kila taasisi imebaki na mfumo wake wa ndani. Kilichoamuliwa mara moja, kwa wote, ni namna malipo yanavyotambulika.

Kwa kampuni yetu ya mkonge, kurasa mbili zinatosha, ziandikwe kabla ya kutangaza zabuni. Na asaini mkurugenzi mkuu, si mkuu wa TEHAMA peke yake, kwa sababu kumwambia mkuu wa mauzo asiguse daraja la robota ni amri ya utawala, na programu haina mamlaka hayo.